Ndiyo ya Mama Mkwe Iliyokuja Baada ya Sekunde Sita

Mama Tirta mpendwa wa gazetini, shikamoo, na kabla hujaniambia nikae chini nipumue, nikuambie kwamba nimekaa, nimepumua, nimekunywa maji glasi mbili na bado siwezi kutulia, sijui kwa furaha au kwa hofu, maana juma hili nimegundua jambo nililolitafuta miaka miwili, na jambo hilohilo linataka kunivunjia harusi ambayo zimebaki siku thelathini na nne tu.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na sita, kwetu Klaten, nasoma chuo kikuu hapa Yogyakarta, na ninachosoma watu wakikisikia wanacheka: nasoma jinsi sisi Wajawa tunavyokataa. Bibi yangu nilipomweleza aliacha kutwanga akasema, "Hayo nayo yanasomewa chuo? Si ungekaa hapa jikoni na mimi?" Lakini nimeyasomea kweli, Mama Tirta, nimezunguka vijiji vitatu na simu yangu nikiwarekodi watu wakialikana, wakiazimana ngazi, wakiombana msaada wa mavuno, kwa ruhusa yao, mazungumzo mia moja sitini na tatu, na katika yote hayo neno hapana limetamkwa mara nne, mara nne! Tatu waliambiwa kuku wasiingie jikoni, na moja aliambiwa mtoto aliyetaka kula sabuni. Mtu mzima kumwambia mtu mzima hapana, hakuna. Wote wanasema nggih, ndiyo, nggih nggih, halafu nusu yao hawatokei kwenye hayo mavuno na wala hakuna anayenuna, kwa sababu kila mtu alishajua kwamba hawaji. Swali langu likawa, walijuaje?

Sasa nimejua! Jumanne saa nne asubuhi nimejua! Ndiyo ya kweli inakuja haraka na nyuma yake kuna swali: saa ngapi, nije na nini, nani mwingine anakuja. Ndiyo ya adabu inachelewa, inakuja kwa sauti ya chini, na nyuma yake kuna hadithi, hadithi yoyote ile, ya mbuzi, ya mafuriko, ya mguu unaouma, mimi hizo hadithi huwa nazikata kwa sababu yaliyomo hayahusiani na ombi, ninachopima ni kimya na sauti basi. Nilipitia mazungumzo yote nikiwa nimeficha matokeo, nikabashiri nani alitokea na nani hakutokea, nikakosea matano tu kati ya mia moja sitini na tatu. Nilipiga kigelegele peke yangu nikaruka juu ya kitanda mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta akauliza kama nimeumwa na nge.

Hapo sasa ndipo penye kuungama. Kuna mazungumzo ya mia moja sitini na nne, na hayo sikuyaombea ruhusa.

Mchumba wangu, nitamwita Mas Wirat, Mas yaani kaka, anafundisha hesabu sekondari, ni mtoto wa pekee wa mama mjane anayeuza mchuzi wa fenesi changa kwenye kibanda kando ya barabara ya kusini. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka miwili. Tumependana miaka mitatu, na huyo mama, nitamwita Mama Sutiyah, hajawahi kunionyesha sura mbaya, kila Mas Wirat akija mjini ananiletea mkebe wa chakula kutoka kwake na ndani kuna yai lililopikwa mpaka likawa la kahawia, lile ambalo wateja wanaligombania. Majuma matatu yaliyopita walikuja kwetu Klaten kusikia siku ya harusi, na mimi, Mungu anisamehe, niliiweka simu chini ya jani la mgomba kwenye sinia la vitafunio, nikijidanganya kwamba nataka kumbukumbu, kumbe nilitaka mfano wa tasnifu.

Baba yangu alisema hivi, nimeyaandika neno kwa neno: "Mama Sutiyah, sisi tumehesabuhesabu huku na kaka yangu mkubwa, tukaona Jumamosi Wage ya mwezi ujao ni siku tulivu. Lakini nyinyi ndio wenye neno. Kama kuna kikwazo tunaomba mtuambie tu, tusioneane haya."

Mama Sutiyah akanyamaza. Nimepima, sekunde sita. Kisha chini chini: "Nggih, Baba. Sisi tunafuata tu."

"Kweli hakuna kikwazo?"

"Nggih, hakuna."

Halafu akaanza hadithi! Dakika kumi na nne, Mama Tirta, hadithi ya kofia ya marehemu mumewe, ile ya kitambaa cha batiki, kwamba mpaka leo iko kwenye msumari pale pale alipoitundika, kwamba asubuhi hiyo alikuwa anaharakia soko la siku ya Wage kununua majani ya mgomba na matope yalikuwa mengi, akasema kofia nitaichafua, niachieni, nikirudi nitaivaa. Baba akawa anaitikia nggih, nggih, mama yangu akaongeza chai, na Mama Sutiyah alichukua kitumbua akakishikashika akakirudisha kwenye sahani bila kukimega. Siku ile sikuona chochote, nilikuwa naelea juu ya dari kwa furaha. Jumanne nikayaweka mazungumzo yale pamoja na mengine, dakika za kofia nikazikata kama kawaida yangu, nikapima, na matokeo yakatoka mabaya kuliko yote niliyonayo. Hakuna hata mmoja kati ya wale ambao hawakutokea kwenye mavuno aliyenyamaza sekunde sita!

Na ukweli nikuambie, kwa dakika nzima nilifurahi. Nilifurahi! Niliona mfano bora kuliko yote, nikampigia profesa wangu akasema, "Huu ndio wa kufungulia sura ya nne!" na mimi nikacheka naye, kisha nikakata simu ndipo nikakumbuka sauti ile ni ya nani na kinachokataliwa ni mimi.

Nilimwambia Mas Wirat. Akasema, "Dik," yaani mdogo wangu, maana ndivyo anavyoniita, "mama kasema ndiyo mara mbili. Ndiyo mara mbili ni ndiyo." Nikamwambia wewe ni mwalimu wa hesabu, hizi si hesabu zako. Tukanuniana.

Basi nikasema niende mwenyewe nikamwone kwa macho. Jana Jumamosi nikapanda basi na ndizi zangu za kupeleka, nafika, kibanda kimefungwa. Nikakumbuka kwamba majuma matano nyuma, siku nyingine ya Jumamosi, nilipita pia kumsalimia nikakuta kimefungwa, na hafungi hata Jumapili mama yule! Nikiwa nimesimama pale namwona anakuja kwenye kijia na kikapu kitupu, pindo la nguo limelowa umande, macho mekundu. Aliponiona akashtuka, akasema, "Eeh, mwanangu, umefika? Leo siuzi, kichwa kinauma." Akaingia ndani. Hakunikaribisha chai, Mama Tirta. Hata yule mkusanya taka anakaribishwa chai! Nilibaki na ndizi zangu barabarani.

Sasa nimeamua, au niseme nimekaribia kuamua. Mama huyu hanitaki na adabu imemfunga mdomo, na mimi ndiye mtu pekee katika familia zote mbili ninayejua, na nampenda mwanawe kiasi kwamba naweza kufa, lakini siwezi kuingia nyumba ya mtu aliyelazimika kusema ndiyo. Nataka kumsikilizisha baba yangu zile sekunde sita, aende akamrudishie Mama Sutiyah neno lake kwa heshima, awe huru. Ujumbe wa kumwandikia Mas Wirat upo tayari kwenye simu, bado kidole tu. Nifanye hivyo? Au nimfuate mama nimuulize uso kwa uso, unanitaka hunitaki? Nijibu upesi, mwili wote unawaka.

Mimi Mhesabu Vimya, Yogyakarta

*

Binti yangu Mhesabu Vimya,

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nimesimama, mara ya pili nimekaa, na mara ya tatu nikaenda kuitungua kalenda ukutani. Wewe kalenda unayo? Basi ondoa kidole kwenye hiyo simu, nenda kaichukue, nakusubiri.

Kwanza nikupongeze, maana nawe umefanya kazi. Mazungumzo mia moja sitini na tatu na hapana nne! Nimecheka sabuni mpaka msichana wa mapokezi akaja kuchungulia. Na hiyo kanuni yako ya swali na hadithi ni ya kweli kabisa. Mume wangu nilipomwomba atengeneze paa alisema nggih, akanisimulia habari za binamu yake wa Magelang, na paa linavuja mwaka wa tatu huu. Umekigundua kitu, mwanangu, na furahi nacho. Lakini mganga hajigangi, na wewe dawa ilikuwa mikononi mwako ukaitupa jaani.

Umezitupa dakika kumi na nne! Mama mtu mzima, mjane, mgeni kwenye nyumba ya watu, ameulizwa swali gumu kuliko yote aliyowahi kuulizwa, akajibu kwa dakika kumi na nne, na wewe msomi ukasema hayahusiani, ukachukua mkasi. Ukabaki na sekunde sita ambazo hakusema kitu! Hivi ukikaribishwa wali unakula sahani?

Haya, fungua kalenda. Mtoto wa Klaten nikufundishe mimi siku za soko? Pahing, Pon, Wage, Kliwon, Legi, zinazunguka tano tano, juma linazunguka saba saba, na Jumamosi ikishakutana na Wage haikutani nayo tena mpaka zipite siku thelathini na tano. Yaani majuma matano. Sasa niambie, jana yako ilikuwa Jumamosi gani? Wage. Na ile Jumamosi nyingine uliyokuta kibanda kimefungwa, majuma matano nyuma? Wage. Na siku ambayo baba yako na baba yako mkubwa wameichagua kwa ajili ya ndoa? Wewe mwenyewe umeiandika kwa mkono wako. Na mume wa Mama Sutiyah alikuwa anaharakia soko gani asubuhi aliyoiacha kofia akasema nikirudi nitaivaa?

Kaa chini sasa. Lia kidogo kama unataka.

Siku yake ya kufiwa ile, binti yangu. Kila ikizunguka anafunga kibanda, anabeba maua kwenye kikapu, anakwenda kaburini kabla umande haujakauka, anarudi na kikapu kitupu na macho mekundu. Wewe ukasimama mlangoni na ndizi kumpima. Na hakuna mtu wa kwetu, hata awe maskini wa namna gani, anayepiga ngoma za harusi siku aliyofiwa na mume. Mwanawe akioa siku hiyo, roho yake itakuwa inasubiri msiba mwingine maisha yake yote. Hakukataa mkwe, amekataa siku. Mwanamke asiyekutaka hakuwekei yai la kahawia, angekuwekea shingo ya kuku, naye angekwambia ndiyo nzuri zaidi.

Utauliza, kwa nini hakusema? Baba yako aliuliza kwa adabu, simlaumu, ila aliuliza akiwa ameshaitaja siku. Mgeni akishaambiwa kwamba wenyeji wamekaa na kaka mkubwa wakahesabu wakaiona tulivu, aseme nini? Mmekosea? Hamkuniuliza nilifiwa lini? Amwaibishe mzee mbele ya sinia lake mwenyewe? Alifanya alichoweza. Alilieleza jambo lote, na kofia, na soko, na matope, akaliweka mezani akangoja mmoja wenu alione. Baba yako akaitikia, mama yako akamimina chai, na wewe ulikuwa unaelea darini. Na Mas Wirat wako usimcheke kwa ndiyo mbili zake, alikuwa na miaka miwili, tarehe ya kifo cha baba yake anaijua ya kwenye karatasi za serikali, siku ya soko hajui. Vijana wote ndivyo mlivyo.

Sasa naweza kuwa nimekosea. Nikikosea utaniandikia na nitajitangaza mzushi hapahapa gazetini. Lakini sijakosea.

Basi sikiliza, maana leo ukinisoma ni Ijumaa na zimebaki siku ishirini na tisa.

Huendi kumuuliza uso kwa uso. Ukimuuliza "unanitaka hunitaki" atasema nggih, na hiyo itakuwa sekunde tisa! Wala humsikilizishi baba yako kitu. Mzee akisikia kwamba alimpangia mjane harusi siku ya msiba wake, halafu amesikia kwenye simu iliyofichwa chini ya jani na binti yake, atazirai kwa aibu, na hiyo aibu itakaa kati ya nyumba mbili mpaka kwa wajukuu. Tunafunika kombe mwanaharamu apite, na kombe litafunikwa vizuri.

Kesho asubuhi nenda Klaten kwa bibi yako. Yule aliyekuambia ukae jikoni. Kaa jikoni. Mweleze kila kitu, kofia, kikapu, kibanda, usimfiche hata simu, akuchape akitaka. Kisha muombe aende kwa Mama Sutiyah kutembea tu, mwanamke kwa mwanamke, na sukari na majani ya chai. Hataulizia siku. Ataongea mvua, ataongea magoti, na akishakunywa chai ya pili atasema kwamba wazee wa kwao siku hizi macho hayaoni, kalenda wanaisoma kwa kupapasa, na kwamba usiku analala akiwa na wasiwasi wamehesabu ovyo, je, Mama Sutiyah hana siku ambayo moyo wake umeipenda? Uone ndiyo itakavyokuja mbio na maswali nyuma yake.

Kwa baba yako msiende ninyi. Aende mama yako, bibi akishamweleza, na yeye asimwambie baba, amwambie paka. Anajua namna yake. Baba akiwa anasoma gazeti, si hili la leo, hili ulifiche, amwambie paka, "Maskini wewe, wenzako wanapanga harusi bila hata kuuliza mjane alifiwa lini." Aondoke zake. Nakuhakikishia kabla ya jioni mzee atakuwa ameshampigia kaka yake, na Jumatatu watakuja kuwaambia kwamba wamekagua tena hesabu wakaona kuna nyota haijakaa sawa. Na ninyi wote mtasema, lo, afadhali mmeona! Mtashangaa kwa sauti. Huu nao ni upendo, kama hukuuandika kwenye daftari lako uandike leo.

Mas Wirat mpigie sasa hivi, kabla hujaenda kuoga. Usimpe somo. Mwambie, "Mas, naomba unipeleke kaburini kwa baba." Basi. Akikuuliza kwa nini, mwambie tunaoana na sijawahi kumsalimia.

Na simu. Hapo sikubembelezi. Wale mia moja sitini na tatu uliwaomba, huyu wa mia moja sitini na nne ukamwibia, na ndiye atakayekuita mwanangu mpaka afe. Profesa wako mwambie mfano umeondoka. Atanuna, mwache anune. Harusi ikishapita, mkishazoeana, siku moja mnamenya mafenesi, utamwambia Mama Sutiyah ulichofanya na utamwomba msamaha kwa mdomo wako. Akikuruhusu utumie, utumie, lakini mzima, na kofia yake ndani. Hiyo sura ya nne ianze upya, na zile hadithi zote ulizozikata, za mbuzi na mafuriko na miguu inayouma, zirudishe ukazisikilize. Nina hakika humo kuna watu wengi waliokuambia kila kitu.

Jumamosi Wage inayokuja, ile iliyokuwa iwe harusi yako, amka mapema. Nunua maua sokoni, waridi na jasmini, usibebe daftari. Nenda kwenye kile kibanda kilichofungwa umngoje Mama Sutiyah mlangoni, umpokee kikapu, mtembee naye. Msiseme chochote njiani. Mkirudi atakukaribisha chai, na akinyamaza kabla ya kukukaribisha, mwanangu, usihesabu. Ingia unywe.

Mama Tirta